Sekunde ya Thelathini na Mbili

Zulma wa uhasibu, ghorofa ya pili, namba 204,
alinifungulia mlango kabla sijabisha.
"Si kwamba haiiti," akasema. "Inaita.
Inapokewa. Halafu inanyamaza
kama mtu aliyejing'ata ulimi."

Nilikuwa nimetoka Salto kwa basi la alfajiri,
begi la kebo mapajani, Julai ikiuma vidole,
na Paysandú yote ilinuka sufu mbichi,
au labda ni ushirika tu, na ghala lake la marobota
ambako Wilmar, namba 207, huinua simu
kwa mkono wenye mafuta ya kondoo.

Nikaanza na mambo ya aibu, kama kawaida:
nikachomoa, nikachomeka.
Nikabadilisha kebo. Nikapuliza vumbi.
Nikamsingizia panya.
Nikazima swichi, nikaiwasha, taa zikapepesa
kijani, kijani, chungwa, kijani,
na ofisi nzima ikanitazama
kama jamaa wa mgonjwa wanavyomtazama daktari
anayekawia kuvua glavu.

204 ikaita 207.
"Wilmar?" "Naam." "Wanisikia?" "Nakusikia."
Nikashika saa.
Thelathini. Thelathini na moja.
Thelathini na mbili, kimya.
Tukarudia. Mara ya saba ilikata
katikati ya jina la mteja, sekunde ileile,
kama karani afungaye dirisha
bila kukutazama usoni.

Hitilafu inayoshika saa haina wazimu.
Ina sababu, na sababu ina anwani.

Nikaketi chini ya ngazi, kompyuta magotini,
nikazitega pakiti njiani, nikazisoma mojamoja.
Adabu yao ni ya kale kuliko nyaya:
mmoja huita,
mwingine huitika,
na aliyeita sharti aseme, haya, nimekusikia ukiitika.
Bila neno hilo la tatu
mwitikaji hubaki mlangoni na kofia mkononi.
207 iliitika. Ikaitika tena. Ikaitika mara kumi na moja,
kila mara ikijipa subira zaidi,
ilhali juu yake, kwa njia nyingine,
sauti za watu zilipita zikicheka, hazina habari.
Kisha ikakata tamaa.

Na neno la tatu lilitumwa! Nililiona likitoka.
Likapotelea kwenye ruta mpya,
sanduku jeupe alilolifunga Yamandú, mpwa wa meneja,
mwezi Machi; na ndani yake msaidizi
ambaye hakuna aliyemwita,
afunguaye kila bahasha na kusahihisha anwani
asizozijua, kwa nia njema kabisa.

Nikaondoa alama kwenye kisanduku kimoja.
Ndiyo kazi yote. Saa tano nzima, alama moja.

"Jaribu," nikamwambia Zulma.
Sekunde ya arobaini. Dakika ikatimia.
Walizungumza uzito, marobota, lori la Fray Bentos,
mbiombio, maneno yasiyo na viungo,
maana tangu Machi walijifunza
kushindilia kila kitu ndani ya thelathini na mbili:
hata rambirambi, aliniambia baadaye,
mama yake Wilmar alipofariki.
Alipiga mara nne
kumaliza sentensi moja.

Dakika ya pili wakaishiwa.
Kwenye spika nikasikia mashine ya kufunga marobota,
mlango wa bati, pumzi ya mtu mzima.
Hakuna aliyekata.
"Bado upo?" Zulma akauliza.
"Nipo."

Nikakunja kebo zangu polepole kuliko ilivyohitajika,
kibuyu cha chai chungu kikipoa kando yangu.
Kwenye ankara nimeandika: ruta.
Basi langu lilikuwa la saa kumi na moja.
Nilipopita dirishani
mkono wake bado ulikuwa sikioni,
na mdomo haukuwa ukisema kitu.